Kabla hujalipaka rangi kabati la nyanya

Nyumba nyingi za Pwani zina kabati, meza au kiti cha zamani kilichosukumwa pembeni. Mlango umelegea, vanishi imegeuka nyeusi, mguu mmoja unacheza. Kijana wa nyumba ameona kwenye simu kabati kama hilo limepakwa nyeupe, kingo zake zimekwanguliwa mpaka mbao inachungulia, naye anataka kujaribu. Mama yake anaona bora liuzwe kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu anayepita na mkokoteni.

Mimi niko upande wa kijana, lakini kwa masharti. Mbao ya mvule au msaji iliyokaa nyumbani miaka hamsini ni bora kuliko makabati mengi mapya ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambayo yakiingia maji ya mvua moja tu huvimba na kubomoka. Kuitengeneza ya zamani ni kuokoa pesa na kuweka kumbukumbu. Masharti yenyewe ni kujua ulicho nacho na kujua unachokikwangua.

Vingine visiguswe kwa brashi

Kiti cha enzi, samadari, kasha la njumu na chochote chenye nakshi ya mkono si vya kupakwa rangi. Rangi huziba nakshi, na kuiondoa baadaye huchukua ngozi ya mbao pamoja nayo. Ile weusi na mng'aro uliotokana na mikono ya watu wa miaka mingi hairudi tena. Kitu cha aina hii kipanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha tafuta fundi anayejua nakshi.

Sheria nayo ina neno. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo anayekupa bei ya haraka mlangoni asikupe pupa. Ukiwa na shaka, piga picha uende ukawaulize watu wa makavazi, Fort Jesus au Lamu, kabla ya kuuza na kabla ya kupaka.

Rangi ya zamani ina sumu

Hili ndilo wengi hawalijui. Rangi nyingi za zamani, hasa za mafuta, zilichanganywa na madini ya risasi. Zikikaa zimeshikana, hatari ni ndogo. Ukizipiga msasa mkavu zinakuwa vumbi, na vumbi hilo huanguka sakafuni, kwenye mkeka na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito pia asikae karibu na kazi hiyo.

Sasa fikiri mtindo wenyewe unavyofanywa: unapaka, kisha unakwangua makusudi ili tabaka la chini lionekane. Kama la chini ni rangi ya zamani usiyoijua, unachokitoa ni sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni ni fupi. Kukwangua kunafaa mbao ambayo haijawahi kupakwa rangi, au ambayo rangi yake unaijua. Iliyopakwa zamani na hujui ilipakwa nini, ioshe, ipake rangi mpya juu, uiache hivyo bila kuikwangua. Ikiwa rangi hiyo tayari inabanduka vipande vipande, usiilete ndani ya nyumba yenye watoto. Na kitanda cha mtoto mchanga kisitengenezwe kwa mtindo huu kabisa, kwa sababu mtoto hutafuna kingo.

Kazi yenyewe

Tuseme kabati lako ni la mvule, lina vanishi tu, halina nakshi. Litoe uani penye hewa. Ng'oa vipini na bawaba, uviweke kwenye kopo visipotee. Angalia kama kuna vitundu na unga wa mbao chini yake. Ukiviona, wadudu wangali ndani, na dawa yao hutangulia rangi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kutoa mafuta na chumvi, kisha acha likauke kabisa. Viungo vilivyolegea vitie gundi ya mbao uvifunge kwa kamba usiku kucha. Halafu piga msasa namba 120 kukata mng'aro wa vanishi, kwa kufuata nyuzi za mbao. Vaa barakoa, kwani vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua.

Paka praima. Mbao nyekundu au kahawia hutoa maji yake yakapenya rangi nyeupe na kuiacha na madoa ya manjano, kwa hiyo omba praima ya kuzuia madoa. Ikikauka, paka rangi ya kwanza, ile itakayochungulia. Buluu au kijani hupendeza chini ya nyeupe. Tumia rangi ya maji. Kwa kabati dogo, lita 1 ya kila rangi hutosha.

Siku ya pili chukua mshumaa mweupe, uusugue pale tu ambapo mkono na mguu hugusa kila siku: kingo za mlango, karibu na kipini, pembe za chini. Rangi haishiki juu ya nta. Paka rangi ya pili, iache ikauke, kisha pitisha msasa laini namba 220 taratibu mahali hapo. Rangi ya juu itatoka na ya chini itaonekana. Kosa la wengi ni kukwangua kila mahali. Kitu hakichakai katikati ya ubao, huchakaa kinaposhikwa.

Futa vumbi na mabaki ya nta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha maliza kwa vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haisamehi mbao iliyoachwa wazi.

Chagua siku

Masika si wakati wa kazi hii. Rangi hukawia kukauka na unyevu ukinaswa chini yake hutoa malengelenge. Jua la adhuhuri nalo huikausha juu kabla ya ndani. Anza asubuhi, kivulini, siku kavu, na kila mkono wa rangi uupe usiku mzima hata kama ukiugusa unahisi umekauka.

Ni kazi ya siku nne au tano, na nyingi kati yake ni kungoja. Kabla ya kuanza, muulize mkubwa wa nyumba kabati lilitoka wapi na nani alilichonga. Andika jibu lake nyuma ya ubao wa ndani, mahali ambapo rangi haitafika.