Je, Kila Mtu Ana Rangi Yake?



Dada mmoja wa Lusu, wilayani Nzega, ametuletea swali ambalo si la kuchekwa. Wenzake wamemwambia kwamba yeye, kwa kuwa ni mweusi na mwenye nyonga pana, asivae njano wala mistari ya kulala. Naye amekwisha nunua doti ya kitenge cha namna hiyo hiyo, tena kwa fedha ya mpunga. Anauliza: akiuze kwa hasara, au akishone?

Amri hizo zimetoka wapi? Mchoraji wa Uswisi, Johannes Itten, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus huko Ujerumani, aliona kwamba wanafunzi wake walipenda rangi zilizolandana na ngozi na nywele zao. Baadaye, mwaka 1980, Mmarekani Carole Jackson akatoa kitabu, Color Me Beautiful, kilichowagawa watu kwa majira manne ya mwaka wa Kizungu. Sisi wa Unyamwezi tuna masika na kiangazi, basi. Hayo mengine tumeyasikia darasani. Na katika mgawo ule, watu weusi walio wengi walitiwa katika kapu moja, la kipupwe. Lakini nani asiyejua kwamba katika nyumba moja tu ya Lusu yupo mweusi tii, yupo maji ya kunde, na yupo mwekundu kama bibi yake?

Wala si mara ya kwanza kwetu kupangiwa rangi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora, na kutoka hapa kwenda Ujiji au kaskazini ziwani, ilibeba merikani, kaniki na shanga badala ya fedha. Stanley, aliyefunga safari mwaka 1871, ameeleza alivyoumiza kichwa kununua shanga Unguja. Unyamwezi walitaka nyekundu. Ugogo walipokea nyeusi, ambazo kwingineko hazikuwa na thamani. Nyeupe zilikubaliwa Ufipa. Aliyekosea rangi aliwabebesha wapagazi mzigo wa bure. Je, ngozi ya Mnyamwezi na ya Mgogo zilitofautiana kiasi hicho? La hasha! Ulikuwa mtindo wa mahali, na mfanyabiashara alilazimika kuuheshimu.

Hata hivyo tusitupe kila kitu. Mwaka 1839 mkemia wa Ufaransa, Chevreul, aliyesimamia kazi ya rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alieleza kwamba rangi hubadilika machoni kwa sababu ya rangi iliyo jirani yake. Kwa hiyo nguo iliyo karibu na uso ina athari yake kweli. Kuipima hakuhitaji kitabu. Toka nje ya duka, maana taa za dukani hudanganya, simama kivulini, weka kitambaa chini ya kidevu, kisha mwenzako autazame uso wako, si kitambaa. Njano iliyoiva juu ya ngozi nyeusi mara nyingi hung'ara vizuri kabisa.

Ama ile mistari, hapo wakubwa wa mitindo wameteleza. Katika miaka ya 1860 mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alionyesha kwamba mraba wenye mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko wenye mistari ya kusimama. Mwaka 2011 Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, pamoja na mwenzake, walichapisha majaribio ya picha za wanawake waliovaa mistari, na jibu likaelekea huko huko. Mabishano hayajaisha, lakini amri yenyewe haina mguu wa kusimamia. Dada, kishone. Fedha ya mpunga haichezewi. Mwambie fundi cherehani akupime wewe, asikisie kwa macho, na aache akiba ya kitambaa kwenye mishono. Nguo inayobana kwapani haiokolewi na rangi yoyote.

Isitoshe, ni mara ngapi tunaachiwa tuchague? Kwenye mitumba unachukua kinachokutosha. Kwenye arusi kamati inatangaza sare, na wanene na wembamba, weusi na weupe, wote wanavaa kitenge kimoja na wanapendeza.

Linaloogopesha ni hili: mtu akiambiwa mara kwa mara kwamba ngozi yake haifai rangi fulani, wapo wanaoamua kubadili ngozi badala ya nguo. Ndipo mkorogo unapoingia nyumbani. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki hudhuru figo, lakini makopo bado yanapenya hadi minadani. Soma maandishi ya kopo kabla ya kutoa fedha. Lisiloeleza kilichomo, liache mezani kwa mwenyewe.