Shimo Jeusi Linapopungukiwa na Chakula

Malava, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, haifiki hata nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mkazi wake hupitiwa na karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Galaksi NGC 4151 hupita upande wa kaskazini, NGC 1566 upande wa kusini. Hazionekani bila darubini, lakini zote mbili zimebadilika sura wanaastronomia wakiziangalia.

Katikati ya kila moja pana shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Gesi inayoelekea kumezwa hulizunguka kama sahani, ikachemka na kung'aa. Mwanga ukitenganishwa rangi kwa rangi, mistari ya hidrojeni huonekana mipana, kwa sababu gesi iliyo karibu na shimo hukimbia kilomita elfu kadhaa kwa sekunde. Galaksi isiyo na mistari mipana ilidhaniwa imezibwa na vumbi. Kisha mwaka 1984 ikaripotiwa kwamba mistari hiyo katika NGC 4151 ilikuwa imekaribia kutoweka, baadaye ikarudi. NGC 1566 nayo iliwaka kwa nguvu mwaka 2018.

Vumbi halitoshi kueleza haya, maana mara nyingi hata mwanga wa infraredi, unaopenya vumbi, hufifia. Kinachobadilika ni mlo. Watu wa Kabras, eneo hilo la Malava, wanajua kiwanda cha sukari kinapokosa miwa: mitambo ipo palepale, moshi ndio haupo. Kinachowasumbua wataalamu ni kasi. Kwa hesabu za kawaida sahani hiyo ingehitaji maelfu ya miaka kubadilika hivyo, nayo hubadilika kwa miaka michache, pengine miezi.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kupima eksirei za angani, na NGC 4151 ni miongoni mwa galaksi ilizozipima. Vipimo vya zamani namna hiyo ni hazina, kwani bila cha jana huwezi kujua kama cha leo kimebadilika. Ndiyo maana mradi wa Sloan wa kuchunguza anga, katika awamu yake iliyoanza 2020, unarudia kupima galaksi zilezile, na darubini ya Vera Rubin nchini Chile itapiga picha anga ya kusini tena na tena kwa miaka 10. Picha, hata hivyo, haionyeshi upana wa mistari. Galaksi ikiwaka, darubini nyingine lazima ielekezwe huko upesi, na natamani mojawapo iwe Kenya, inakoonekana anga ya pande zote mbili.