Tarehe 1 Agosti ku makaburi: hata wafu wako na majirani

Mu Kongo yetu, tarehe 1 Agosti asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya wazazi walio hai. Tunaamka mapema, tunabeba jembe, fagio na ndoo ya chokaa, tunaenda kusafisha makaburi. Kiisha tunarudi nyumbani kula pamoja na baba na mama. Ni siku nzuri, lakini njo siku hiyo pia watu wanagombana ku makaburi.

Yalitupata sisi wenyewe. Nkambo wetu alizikwa ku makaburi ya misioni moja hapa Katanga, karibu na kanisa alimosali. Msalaba wake ulikuwa wa mti. Mwaka mmoja tukafika, tukakuta hauko: moto wa majani wa kiangazi ulipita pale. Kando, jamaa ingine ilikuwa imejenga kaburi kubwa la simenti na karo, na ukuta mdogo wa kulizunguka. Ukuta ule ulikalia miguu ya nkambo. Sisi tulitaka kuuvunja. Wao walisema simenti walilipa na pesa yao. Tungeonyesha nini, na msalaba umeungua?

Wazee wa parokia wakafungua kitabu cha wafu. Jina la nkambo lilikuwamo, na tarehe, na mstari alimozikwa. Ukuta ukasogezwa bila ngumi. Siku ile tulielewa kama karatasi inaweza kumlinda maskini kuliko simenti.

Kitabu kile si mapenzi ya padri tu. Sheria ya Kanisa Katolika ya mwaka 1983, kanoni 1182, inataka kila maziko yaandikwe. Kanoni 1240 inasema pale inawezekana, Kanisa liwe na makaburi yake, ao sehemu iliyobarikiwa mu makaburi ya serikali. Kama haiko, kila kaburi libarikiwe peke yake. Kwa hiyo mkristu aliyezikwa ku makaburi ya mji, kaburi lake likibarikiwa, hakupoteza kitu. Jamaa isione haya.

Wengine wanauliza: juu ya nini askofu anazikwa ndani ya kanisa, na baba yetu mkubwa aliyenunua mabati ya kanisa lile, hapana? Kanoni 1242 inajibu: ndani ya kanisa anazikwa Papa, ao kardinali na askofu mu kanisa lao wenyewe. Njo maana Kardinali Malula, aliyefariki mwaka 1989, analala mu katedrale Notre-Dame ya Kinshasa. Mabati ni zawadi, hayanunui kaburi. Sheria hii inaweza kuuma, lakini inafanya tajiri na mchuuzi wa sambaza walale mu udongo mmoja.

Mambo mengine, kanoni 1243 inayaachia sheria ya kila dayosisi. Kwa hiyo kanuni za huku haziko lazima sawa na za kule. Muulize ku parokia mbele ya kumwaga simenti. Lakini sababu zake si ngumu kuelewa.

Kwanza, kungoja. Udongo wa kaburi jipya unashuka mvua ikinyesha. Mtu akijenga mu mwezi wa nane, mvua za mwezi wa kumi na moja zinaweza kupasua kazi yote. Wakati wa mvua upite kwanza.

Pili, kipimo. Kaburi likipita mpaka wake, linakula nafasi ya mwingine, na wenye kubeba sanduku hawapati njia. Minyororo na vyuma vya kuzungushia navyo vinaita wezi: leo vinawekwa, kesho vimekwenda kuuzwa.

Tatu, maandishi. Jina na tarehe vinatosha. Ku makaburi si pahali pa kuandika nani aliyemroga nani. Kilio kitaisha, lakini neno lile litabaki pale, watoto wa jamaa mbili walisome.

Tena tusifichane: kuna jamaa inauza kiwanja juu ya kujenga kaburi la karo, na mu mwezi wa tisa watoto wa marehemu wanafukuzwa ku masomo juu ya minervali. Parokia ikisema kaburi liwe dogo, haimdharau marehemu. Inawasaidia wale aliowaacha.

Basi, mbele ya tarehe 1 Agosti, mupite ku biro ya parokia. Muulize kama jina la mtu wenu limeandikwa, na mstari gani. Nyumbani, muandike mu kaye: jina, tarehe, mstari, na nani analala kushoto na kuume. Watoto wajue pale kaye inawekwa, juu siku moja wao njo watakuja na jembe.

Na mukimaliza kufagia kaburi lenu, kama lile la kando halina mtu, mufagie na lile.