Namna ya Kulipiga Picha Jambo Lipitalo Upesi Mno

Kila siku malori yenye mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo huenda kufanywa nyaya, mota na betri. Katika viwanda vingi siku hizi metali hukatwa na kuungwa kwa leza, yaani mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu nyingi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Lakini shaba ni kaidi: huirudisha sehemu kubwa ya mwanga wa leza nyingi za viwandani, kama kioo, na joto lile dogo iliyolipokea hulitawanya upesi. Basi yampasa fundi ajue ni nini hasa kinachotukia pale mwanga unapoigusa metali.

Hapo ndipo penye shida, kwa kuwa jambo lenyewe hupita upesi mno. Ukiigawa sekunde 1 mafungu milioni mara milioni, fungu moja huitwa pikosekunde. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari ya Tunduma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ungeimaliza kwa sehemu 3 tu za 1,000 za sekunde. Lakini katika pikosekunde 1 hata mwanga wenyewe husogea milimita 0.3 tu! Hapana kamera ya kawaida iwezayo kufunguka na kufumba upesi namna hiyo.

Huenda msomaji akauliza, "Sasa picha hupigwaje?" Fikiri usiku wa mvua. Radi ikimulika, mtu anayekimbia huonekana kama amesimama. Macho yetu hayakuongeza wepesi; mwanga ndio uliokuwa mfupi. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Huugawa mpigo mmoja mfupi wa leza sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huipiga metali. Ya pili huimulika, nayo kamera hupokea picha ya nukta ile tu.

Ili mpigo wa pili uchelewe, hupitishwa njia ndefu zaidi kwa vioo. Kioo kikirudishwa nyuma milimita 1.5, mwanga huenda na kurudi, hivyo safari huongezeka milimita 3. Nao huchelewa pikosekunde 10. Tazameni basi: rula imekuwa saa! Kila pigo huharibu mahali lilipopiga, kwa hiyo metali husogezwa, kioo nacho husogezwa, picha nyingine hupigwa. Mwisho picha hupangwa kwa taratibu, nazo zaonyesha jambo zima tangu mwanzo.

Mwaka 1985 Downer, Fork na Shank wa Bell Laboratories, Marekani, walipiga kwa njia hii picha za silikoni ikiyeyuka na kugeuka mvuke. Mwana wa Afrika, Ahmed Zewail wa Misri, alitumia mipigo miwili ya namna hiyo kuzifuata molekuli zinapobadilika, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999.

Uchunguzi wa namna hii umetufunza nini? Katika metali, elektroni hupata moto kwanza, hali atomu zingali baridi. Baada ya pikosekunde chache joto huzifikia atomu. Ndipo uso huyeyuka, na baadaye vipande na mvuke huruka. Kwa hiyo mpigo ukiwa mfupi kuliko muda huo, kazi yake huwa imekwisha kabla joto halijaenea pembeni, na mkato huwa safi. Ndiyo sababu madaktari wa macho hutumia leza za namna hii kukata utando wa mbele wa jicho bila kuunguza sehemu za jirani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika kazi hii haraka ni ya mwanga. Mtu mwenyewe hana budi kuwa na subira, picha baada ya picha. Nayo hesabu yote imesimama juu ya kanuni tuliyoisoma darasani: umbali ukigawanywa kwa mwendo hutoa muda. Shaba yapita mlangoni petu ikiwa mabamba tu. Wanafunzi wenzangu, tusiidharau fizikia. Maana atakayejua kuifanyia shaba kazi ndiye atakayepata faida yake kubwa.