Klachi Imeshindwa Mbio, Kitonga Bado Ipo

Altezza ikiletwa gereji ya Mlandege, Iringa, itolewe oto iwekwe manyuo, kazi haiishii kwenye giaboksi. Inatakiwa pedali ya tatu, pampu ya klachi ya juu na ya chini, propela shafti inayoendana na boksi mpya, na flaiwili nzito ya chuma badala ya sahani nyembamba iliyofungwa mgongoni mwa injini. Halafu kuna kompyuta, ambayo isiporekebishwa itaendelea kutafuta giaboksi isiyokuwepo. Vijana wanagharamia yote hayo kwa gari ambalo Toyota yenyewe, kati ya 1998 na 2005, iliuza pia likiwa na gia sita za mkono. Tena Altezza ya toleo la RS200 yenye manyuo ilipewa nguvu za farasi 210. Ya oto, 200.

Manyuo ni adimu kwetu kwa sababu ya Japani. Magari yetu mengi yametumika kule kwanza, na tangu 1991 Mjapani anaweza kuchukua leseni ya oto pekee, asiguse klachi maisha yake yote. Anachonunua yeye ndicho kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam miaka mingi baadaye.

Kwenye magari ya kasi kisa ni kingine. Huko klachi ya mguu ilishindwa na saa. Oto za zamani zilikuwa goigoi kwa kuwa nguvu ilipitia kwenye mafuta yanayozungushwa, sehemu yake ikaishia kuwa joto. Mwaka 1989 Ferrari ikaingiza kwenye Formula 1 gari ambalo dereva alibadili gia kwa vidole nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mashindano yake ya kwanza, Brazil. Mwaka 2003 Volkswagen ikaweka klachi mbili kwenye Golf R32: moja inashika gia ya 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya tatu unavuta kasi, ya nne imeshaingia inangoja zamu. Klachi moja inaachia huku ya pili inashika, magurudumu hayakosi nguvu. Wewe ukitumia nusu sekunde kubadili kwa mguu na mkono, kwenye kilomita 100 kwa saa gari limekwenda mita 14 bila kusukumwa.

Nissan GT-R ya 2007 haikuuzwa na manyuo kabisa. Porsche 911 GT3 ya 2013 vilevile, mpaka wateja walipolalamika manyuo ikarudi 2017. Wanalipia raha, na sioni ubaya, lakini ubishi wa kasi umekwisha.

Ninachokihofia mimi kiko mteremkoni Kitonga, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 100 za kimo bila kuongeza kasi, lazima litupe nishati ya kutosha kuchemsha lita nne za maji. Ukikanyaga breki tu, karibu joto lote hilo linaingia kwenye diski na pedi, na mteremko bado haujaisha. Ukiwa gia ya chini umeachia mafuta, pistoni zinahangaika kuvuta hewa kwenye njia iliyofungwa, na sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na injini.

Wanaoweka frii ili kubana mafuta wanajidanganya. Kwenye injini za EFI, gari likishuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa, nozeli za mafuta hufungwa. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Dereva wa manyuo alifundishwa kushusha gia kabla ya mteremko. Wa oto ana L na 2 palepale mkononi, ila wengi huondoka na D na kufika nayo. Kompyuta ya oto nyingi tulizonazo inapima kasi na mkanyago wa mafuta. Kona iliyo mbele, na lori linalotambaa nyuma yake, haizijui.