Kibla cha Ikola: Je, Mwenyezi Mungu Yuko Upande Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Imetufikia barua ya familia ya Unguja iliyohamia Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, kwa biashara ya dagaa. Mtoto wao kauliza: "Nyumbani tulielekea kaskazini, huku tunapinda kulia. Kwani Mungu anakaa upande gani?" Bibi yake akamwambia anakufuru, na tangu hapo mtoto haulizi tena. Wazazi wanataka jawabu.

Mtoto hakukufuru. Makka iko kaskazini ya Unguja karibu mstari mmoja. Ikola iko mbali magharibi, kwa hivyo kibla chake huelemea mashariki kiasi cha nyuzi 18. Kilichobadilika ni pale tuliposimama, si Yule tunayemuabudu. Waislamu wa Madina nao walielekea Baitul Maqdis miezi 16 au 17, kisha wakaamrishwa kuelekea Al-Kaaba. Na Suratul Baqara, aya ya 115, yatufundisha kuwa mashariki na magharibi zote ni Zake.

Ama mahali ni nini, watu wamekhitalifiana. Aristotle wa Ugiriki alisema ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka kitu, kama mtungi na maji yake. Wanazuoni wa ilmul kalam wakasema ni nafasi inayojazwa na kiwiliwili. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111), katika Tahafut al-Falasifa, akabainisha kuwa kudhani lazima kuwe na kitu nje ya ulimwengu ni kazi ya dhana tu. Nasi tulisomeshwa chuoni kuwa mahali nako kumeumbwa, na Muumba hakuhitajii.

Huenda bibi ana picha ya tenzi za Miraji zinazosomwa mwezi wa Rajab, mbingu saba zikipandwa moja baada ya moja. Tusizidharau. Mshairi humsafirisha msikilizaji, kama Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulivyowafikisha watu wa mwambao hadi Tabuk. Miraji ni kweli, lakini aliyetoka pahala kwenda pahala ni Mtume (s.a.w.). Allah hafanani na chochote.

Basi mwambieni mtoto: tunaelekea Al-Kaaba kwa kutii amri na ili safu zetu ziwe moja, Mola wetu anamsikia wa Ikola kama anavyomsikia wa Unguja. Na bibi naye aelezwe kwa adabu, kwani alichokiogopa ni kuharibika imani ya mjukuu wake. Mtoto aachwe aulize.

Wallahu a'lam.