Mgonjwa wa Saratani ya Ubongo na Wajibu wa Jamaa Zake

Saratani ya ubongo huweza kubadili hata tabia ya mgonjwa. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na msemaji hodari hupotewa na maneno. Hayo ni maradhi, si moyo wake. Tusimjibu kwa hasira. Kifafa kikimshika, tumlaze ubavu, wala tusimtie kitu kinywani. Matibabu ya mionzi aghlabu huwa siku 5 kila juma kwa majuma 6. Tupeane zamu ya kumsindikiza, mzigo usimwelemee mkewe peke yake.

Wako waulizao: kuchangia utafiti kuna faida gani? Dawa ya temozolomidi ilivumbuliwa katika Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, kwa msaada wa michango ya watu. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 573 wa glioblastoma. Waliopewa mionzi tu, takribani 10 katika kila 100 waliishi miaka miwili. Walioongezewa dawa hiyo, takribani 26. Si shifaa kamili, lakini kwa mtoto, mwaka mmoja zaidi pamoja na babake si haba.

Basi tunapotoa sadaka, tuukumbuke na utafiti. Huenda ikamfaa mgonjwa ambaye leo hajazaliwa.